BONDE LA UFA: MAANA NA ASILI YA JINA

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya juu, akiisha kupita Limuru, hufika mahali ambapo nchi hukatika ghafula mbele yake. Upepo humpiga usoni, na chini sana huona tambarare pana yenye mashamba na barabara, na mlima Longonot umesimama peke yake kama chungu kilichomeguka mdomo. Ng'ambo, mbali hata rangi ya milima hugeuka kuwa samawati, huonekana ukuta wa pili, ambao ni nchi ya Mau. Watu wengi husimama hapo kutazama, na si ajabu mtoto wa shule aliye pamoja nao akauliza: "Baba, mwalimu alitufundisha kwamba hapa ni Bonde la Ufa. Bonde naliona. Ufa uko wapi?"

Swali hilo ni la akili, na wakubwa wengi hushindwa kulijibu. Wala si swali la darasani tu. Katika mwezi wa Machi, mwaka 2018, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu, ikaikata barabara iendayo Narok, na habari zikaenea duniani kote kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Watu waliingiwa na hofu, na sehemu kubwa ya hofu hiyo ilitokana na jina lisiloeleweka vema. Kwa hiyo yafaa jina hili lichunguzwe neno kwa neno.

NENO BONDE NA NENO UFA

Bonde ni nchi ya chini iliyo kati ya nchi mbili za juu. Neno lenyewe halisemi nchi hiyo ilifanyikaje. Mabonde mengi yamechimbwa na mito, iliyokata udongo na mwamba kidogo kidogo kwa muda mrefu; lakini neno bonde hutumika pia mahali pasipo mto.

Ufa ni mpasuko mwembamba katika kitu kilichokuwa kizima: ufa wa ukuta, ufa wa chungu, ufa wa ubao. Ukiwa mmoja huitwa ufa, zikiwa nyingi huitwa nyufa. Kiswahili hupambanua sana mambo ya namna hii. Nafasi ya asili iliyo kati ya meno mawili ya mbele huitwa mwanya, na wengi huuhesabu kuwa urembo. Mahali palipong'oka jino huitwa pengo. Njia iliyokatwa na maji ya mvua katika udongo huitwa korongo. Mtaro mrefu uliochimbwa na watu kwa sururu na koleo huitwa handaki.

Ufa si mojawapo ya hayo. Penye ufa hapakuondolewa kitu wala hapakuchimbwa kitu. Upande huu na upande ule umeachana tu. Ndiyo maana wazee wakasema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati wa ufa ukuta ungali umesimama, na mwenye nyumba aweza kudhani kwamba hakuna neno. Lakini uzito wa nyumba umekwisha kugawanyika, na siku moja sehemu moja itashuka.

Msomaji na ayashike maneno mawili hasa, yaani korongo na ufa, maana mbele yatahitajiwa.

JINA LILIKOTOKA

Wenyeji wa bonde hili waliita kila mahali kwa jina lake, na baadhi ya majina hayo yana elimu ndani yake. Mai Mahiu, kwa Kikuyu, ni maji ya moto. Waliolitoa jina hilo walikuwa wamekwisha kujua kwamba chini ya nchi ile mna joto.

Jina la bonde zima lilikuja baadaye, kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wamaasai, akauona mlima Longonot, na ziwa Naivasha, na ziwa Baringo. Mwaka 1887 Teleki na mwenziwe von Höhnel walianza safari kwenda kaskazini, na katika Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa walilolipa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa kwao. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1975, na ziwa likaitwa Turkana. Von Höhnel alikuwa mchoraji hodari wa ramani, na habari zake zilifika mikononi mwa Eduard Suess, mtaalamu wa elimu ya miamba aliyekaa katika mji wa Vienna.

Suess hakupata kukanyaga nchi hii. Alikaa mezani pake, akatazama ramani, akaona jambo ambalo waliopita kwa miguu hawakuweza kuliona lote kwa mara moja: maziwa yale hayakutawanyika ovyo, bali yamepangwa katika mstari mrefu, na kando ya mstari huo imo milima ya moto. Mwaka 1891 alitoa maandiko akieleza kwamba mstari huo ni mahali ardhi ilipovunjika. Bonde la namna hiyo Wajerumani huliita Graben, neno ambalo maana yake ya kawaida ni handaki.

Ndipo akaja John Walter Gregory, kijana wa jumba la makumbusho huko London. Mwaka 1893 alitoka Mombasa pamoja na kundi dogo la wapagazi, akasafiri kwa miguu mpaka Baringo, akaitazama miamba ya kuta za bonde kwa macho yake mwenyewe. Alipokwisha kurudi kwao aliandika kitabu, kikapigwa chapa mwaka 1896, na ndani ya jina la kitabu hicho bonde liliitwa Great Rift Valley. Neno rift lilitoka katika lugha za watu wa kaskazini mwa Ulaya, nalo ni la ukoo mmoja na neno la kupasua au kurarua. Gregory alitaka kupambanua bonde hili na mabonde yaliyochimbwa na mito. Handaki huchimbwa; bonde hili halikuchimbwa na mtu wala na mto.

Kwa Kiswahili neno rift likawa ufa, na jina likawa Bonde la Ufa. Jina hilo lilikuwa pia jina la mkoa mmojawapo wa Kenya, mpaka serikali za kaunti ziliposhika mahali pa mikoa mwaka 2013.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Mtu akisema "kovu la kisu", hana maana kwamba kovu ni kisu. Maana yake ni kovu lililoletwa na kisu. Akisema "kidonda cha moto", kidonda si moto. Vivyo hivyo Bonde la Ufa si bonde ambalo lenyewe ni ufa uliopanuka. Ni bonde lililoletwa na ufa. Herufi mbili za neno "la" zimebeba mzigo mkubwa, na asiyezitazama vizuri huanguka katika makosa.

JINSI NCHI ILIVYODIDIMIA

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa vitabu vitatu vinavyolingana. Avisimamishe pamoja, avibane kati ya viganja vyake viwili na kuviinua juu ya meza. Kisha aachanishe viganja kidogo sana. Vitabu vya kando vitabaki mikononi, na kitabu cha katikati kitateleza chini. Viganja vimeachana kwa unene wa kidole tu, lakini kitabu cha katikati kimeshuka sana.

Vitabu vya kando ni kuta za bonde. Kitabu kilichoshuka ni sakafu yake, yaani nchi ya Naivasha na Nakuru ambayo watu hulima na kujenga juu yake. Nafasi nyembamba zilizo baina ya vitabu ndizo nyufa. Basi mtoto wa shule aliyeuliza aweza kujibiwa hivi: nyufa ziko chini ya kuta za bonde, upande huu na upande ule, nazo zimefunikwa na udongo, mawe na jivu la milima ya moto. Tena si mbili tu, bali ni nyingi, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mahali pengi ukuta hushuka kwa madaraja kama ngazi. Wajenzi wa reli ya Mombasa na Kisumu waliujua ukali wa ngazi hizo. Walipofika hapo, ilibidi kwa muda kushusha mabehewa na vyombo vyao kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha.

Lakini kwa nini isisemwe kwamba bonde hili lilichimbwa na mto wa zamani? Sababu ni nyingi, nazo mbili zatosha. Kwanza, mto uchimbao bonde hupeleka maji na udongo wake mahali pengine penye uteremko. Maji ya Naivasha, Nakuru, Bogoria, Baringo na Turkana hayana mto wa kuyatoa kwenda baharini. Sakafu ya bonde imepanda na kushuka: Naivasha iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,900, ilhali Turkana upande wa kaskazini na Magadi upande wa kusini ziko chini zaidi sana. Hakuna mto uwezao kupanda kilima na kukishuka.

Pili, litazamwe tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lenye maziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Nyasa. Uso wa ziwa Tanganyika uko juu ya bahari kwa mita 770 hivi, lakini kina chake chafikia takriban mita 1,470. Maana yake, chini ya ziwa hilo ni chini kuliko uso wa bahari kwa mita 700 hivi. Mto hauwezi kuchimba mpaka huko. Nchi imedidimia yenyewe. Ziwa Victoria, ambalo kwa eneo ni kubwa kuliko yote hayo, kina chake ni kama mita 80 tu. Nalo halimo katika Bonde la Ufa, bali limetandaa katika nchi iliyobonyea kati ya matawi mawili.

Na mikono iliyoviachanisha vitabu ni nini? Wataalamu wameeleza kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yaendayo polepole sana. Upande wa magharibi wa bonde na upande wa mashariki huachana. Siku hizi mwendo huo hupimwa kwa vyombo vinavyopokea ishara za satelaiti, na katika Kenya umeonekana kuwa milimita chache tu kwa mwaka. Kucha za mkono hukua zaidi ya hapo.

KILICHOTOKEA MAI MAHIU

Sasa na irudiwe habari ya Machi 2018. Mvua kubwa ilinyesha, kisha ardhi ikafunguka katika nchi iliyo kati ya Longonot na Suswa. Mahali pengine shimo lilifikia kina cha mita 15 hivi, na upana wa mita 15 na zaidi. Barabara ilikatika, mashamba yaligawanyika, na baadhi ya watu walihama makao yao. Picha zilipopelekwa ng'ambo, wengi waliliona jina Bonde la Ufa, wakaona na ardhi iliyofunguka, wakaunganisha mambo hayo mawili upesi upesi: ufa wa Bonde la Ufa umeonekana, na bara limeanza kuvunjika.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha shaka iliyopo. Ikiwa pande mbili za bonde huachana kwa milimita 3 kwa mwaka, miaka 1,000 italeta mita 3 tu. Nafasi ya mita 15 ingehitaji miaka 5,000. Iweje ifunguke katika siku chache za mvua? Tena ardhi ikipasuka kwa nguvu za chini, hutetemeka. Na kufunguka huko hakukuandamana na tetemeko kubwa.

Wataalamu wengi wa miamba walitoa maelezo mengine. Sakafu ya bonde mahali pale imefunikwa na jivu jingi lililotupwa na milima ya moto zamani. Jivu hilo si gumu kama mwamba. Maji hulichukua kwa urahisi. Chini yake zaweza kuwapo nyufa za kale zilizojaa jivu hilohilo na kufunikwa kabisa. Mvua kubwa inapozama ardhini, maji hutafuta njia humo, hulisomba jivu pole pole, na kuacha pango refu ambalo juu yake watu wanaendelea kulima na kupita bila kujua. Siku moja dari ya pango huanguka, na watu huamka asubuhi wakasema ardhi imepasuka usiku. Kumbe kazi ilianza zamani, nayo iliyoifanya ni maji.

Kwa Kiswahili safi, basi, shimo la Mai Mahiu lilikuwa korongo zaidi ya kuwa ufa. Udongo uliondolewa na maji. Si kwamba pande mbili za bara ziliachana siku ile. Kama lingeitwa korongo tangu siku ya kwanza, hofu ingalipungua, na watu wangaliuliza swali lililo bora: maji haya yatoka wapi, na yaelekezwe wapi?

NYUFA ZA KWELI

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba nyufa za chini zimekufa. Tarehe 6 Januari, 1928, tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Subukia, chini ya ukuta wa Laikipia. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa takriban kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka kuliko wa pili kwa mita 2 na zaidi. Hilo halikuwa korongo. Kitabu cha katikati kilikuwa kimeteleza chini kidogo.

Na katika Septemba 2005, katika jangwa la Afar nchini Ethiopia, ardhi ilitetemeka mara nyingi, mwamba ulioyeyuka ukapenya kutoka chini, na katika majuma machache nchi ilipanuka kwenye mstari wa kilomita 60 hivi. Mahali pengine pande mbili ziliachana kwa mita 8. Maana yake ni kwamba mwendo wa mabamba, ambao kwa mwaka ni mdogo sana, waweza kujilimbikiza kwa mamia ya miaka na kisha kutokea kwa mara moja. Lakini mambo hayo yana dalili zake: matetemeko mengi, mvuke, na moto wa chini. Hayaji kimya baada ya mvua ya usiku mmoja.

Joto lilelile la chini limewafaa watu pia. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na tangu hapo mitambo imeongezwa mara nyingi. Waliopaita mahali Mai Mahiu walikuwa wamesema kweli.

MAMBO YAFAAYO KUFANYWA

Mwenye shamba katika nchi ya jivu akiona mpasuko, yampasa kwanza ajue ni wa namna gani. Apigilie mambo mawili ya mti, moja kila upande, apime nafasi iliyo kati yake, na kuandika tarehe. Baada ya kila mvua apime tena. Ikiwa mpasuko hupanuka wakati wa mvua na kutulia wakati wa kiangazi, mshukiwa wa kwanza ni maji.

Pili, asiyaache maji ya barabara, ya paa au ya mfereji yamwagike na kuzama mahali pamoja. Ayapeleke kwa mtaro wenye majani mpaka kwenye njia ya maji ya asili. Kuyatupa mawe na takataka katika shimo bila kuyageuza maji ni kulificha tu. Maji yatapita chini ya mawe hayo, na dari itaanguka mahali pengine.

Tatu, asijenge nyumba juu ya mstari ambapo udongo umebonyea, ijapokuwa juu panaonekana pagumu. Pango halionekani na aliye juu yake. Nne, ampashe habari chifu wa mahali pake mapema, ili watumiao barabara waonywe.

Wazee walionya kwamba ufa usipozibwa, ukuta utajengwa. Ufa wa bara la Afrika hakuna awezaye kuuziba, wala hapana haja ya kuuogopa kila mvua inyeshapo. Korongo lililo chini ya shamba lazuilika, likijulikana mapema kuwa ni korongo.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya mwanya, pengo, korongo na ufa. Toa mfano mmoja wa kila neno katika mahali unapokaa.
2. Kwa nini Gregory hakuridhika na mfano wa handaki?
3. "Kovu la kisu" na "Bonde la Ufa" yamefanana vipi kwa maana?
4. Toa sababu mbili zinazoonyesha kwamba Bonde la Ufa halikuchimbwa na mto.
5. Ardhi ya Subukia mwaka 1928 na ardhi ya Mai Mahiu mwaka 2018 zilifunguka kwa sababu gani, na mtu angewezaje kuzipambanua?